Kizibo

Hadubini tuliiazima kituo cha afya, hapa Hombolo,
kwa barua yenye mihuri miwili
na ahadi yangu kwamba itarudi kabla ya Jumatatu,
siku ya kupima makohozi.

Kizibo alikileta Sechelela.
Mama yake huosha chupa kiwandani msimu wa zabibu,
na vizibo vilivyovunjika huachiwa wafagiaji.
Nikakikwangua kwa wembe mpya
hadi kipande kikapitisha mwanga, kama kucha ya mtoto mchanga.
Darasa la sita, watoto sitini na mmoja,
jicho moja kila mtu, foleni hadi uwanjani.

"Mwalimu, ni masega."
"Mwalimu, ni tofali zimepangwa."
Malogo, mfupi kuliko wote, alipanda juu ya debe
akatazama hadi akaipita zamu yake.
"Nyumba tupu," akasema. "Wamehama."

Nikawaambia.
Zamani, kabla reli haijafika,
kabla mji wa Dodoma haujawa mji,
Mwingereza mmoja alikwangua kizibo kama hiki
akaona alichokiona Malogo.
Akatafuta jina. Kilatini kikamkopesha
la chumba kidogo, cha mtawa anayelala peke yake,
na kabla ya mtawa lilikuwa jina la stoo,
mahali pa kuweka nafaka na divai.
Likapita midomo mingi, likatufikia limechakaa kidogo:
seli.

"Na kizibo chenyewe ni gome," nikasema, "gome la mti wa mbali."
"Kama kilindo cha bibi," akasema Sechelela.
"Cha uwele."

Sikuwa nimeliandaa hilo.
Niliandika ubaoni: kilindo.
Chaki ikakatika.

Baba yangu alifundisha Mpwapwa
enzi za vitabu vya karatasi ya kahawia,
na yeye hakusema seli. Alisema chembe.
Chembe ya uwele, chembe ya mchanga,
chembe cha moyo, pale panaporuka ukishtuliwa usiku.
Neno lake lilianza ndani likatoka nje.
Hili letu lilianzia ukutani,
kwa mtu aliyebisha hodi kwenye gome lililokufa
na hakuitikiwa.

Simlaumu. Alitaja alichokiona.
Waliokuja nyuma yake, wenye vioo vikali zaidi,
walikuta ute unatembea,
walikuta kiini kimetulia kama moto uliofukiwa majivu,
lakini jina lilikwisha kukauka kama udongo wa tembe.
Tukabaki kuita wenyeji kwa jina la chumba chao.

"Mwalimu," akasema Malogo, "na selo ya polisi je?"

Darasa likacheka.
Kisha likaacha kucheka, safu kwa safu,
maana kaka yake yumo tangu Ijumaa.
Mbuzi wao waliingia shamba la zabibu
la mtu anayejua pa kupiga simu.

Ndiyo, Malogo. Ukoo mmoja.
Kule nako daftari linaandika chumba kwanza:
namba mbili, watu tisa.
Lakini hayo sikuyasema. Nilisema ndiyo tu,
nikatafuta kitunguu.

Nikamenya hadi ile ngozi ya ndani,
nyepesi, yenye kung'aa, inayojikunja ukiiachia.
Tone moja la iodini.
Macho yalinitoka machozi, wakaona, sikujitetea.
Nikamwita Malogo arudi juu ya debe.

Alikaa hapo muda. Wa nyuma wakaanza kusukumana,
mmoja akauliza kama kengele imeharibika.

"Wapo," akasema.

"Wangapi?"

"Kila chumba mmoja."
Akasogeza kioo kwa ncha ya kidole, taratibu,
kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenziwe.
"Huyu hapa kaegemea ukuta."

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilirudisha hadubini.
Mhudumu aliinusa lenzi, akanitazama,
akatia sahihi.